Unene wa Waya na Inveta ya Nyumbani

(Mhadhara kwa wenye nyumba na mafundi, Mjini Unguja. Umechapishwa karibu kama ulivyotolewa.)



Nimeombwa nizungumzie inveta za majumbani. Kwa ruhusa yenu nitashika sehemu yake moja tu, nayo ni waya, na zaidi ule waya mfupi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta. Mteja hubishana juu ya bei ya betri hadi adhuhuri, lakini habari za waya huo haulizi. Anadhani umekuja na mzigo. Kusudi langu ni kwamba kila mwenye nyumba aliyemo humu, hata kama hajawahi kushika bisibisi, aweze kumuuliza fundi wake maswali matatu. Ampea ngapi zitapita hapa? Mita ngapi, kwenda na kurudi? Fyuzi ya kulinda waya huu ni ya ngapi, na itakaa wapi? Fundi atakayeyajibu yote kwa kalamu na karatasi, mpeni kazi. Atakayesema "sisi siku zote tunatumia huu," mpeni chai aende zake.

Mafundi msinikasirikie. Na mimi ni wa huko huko.

Kwa nini tuna inveta, hatuna haja ya kukumbushana. Mwaka 2008 kisiwa hiki kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa kutoka bara, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa gizani tena. Waliosoma kwa kibatari miezi ile sasa wana nyumba zao, na sishangai wakitaka betri iwepo kabla ya mapazia. Basi niingie kwenye hoja.

Hoja ya kwanza: volti zikiwa ndogo, ampea huwa nyingi

Waya wa zamani wa chini ya bahari, ule uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba, ulikuwa wa kubeba megawati 45 kwa volti 132,000. Ukipiga hesabu ya fezi tatu unapata karibu ampea 200 katika kila fezi.

Sasa chukueni inveta ya wati 2000 inayotumia betri ya volti 12. Betri ikilemewa hushuka, tuseme hadi volti 11. Inveta nayo hula chake. Kama moja ya kumi ya umeme inaoupokea huishia kuwa joto ndani ya boksi lake. Kwa hiyo 2000 gawanya kwa 11, kisha gawanya kwa 0.9. Jibu ni ampea 202. Nasikia vicheko huko nyuma, lakini rudieni hesabu wenyewe kwenye simu zenu. Mkondo uliokuwa ukipita katika fezi moja ya waya uliolisha Unguja ndio huo huo unaotaka kuupitisha nyuma ya kochi lako.

Hakuna uchawi. Wati ni volti mara ampea, na aliyeshusha volti hana njia ila kupandisha ampea. Waya unajali ampea. Wati zilizoandikwa kwenye boksi hauzijui.

Makosa mengi huanzia hapa. Fundi anatazama upande wa pili wa inveta, upande wa soketi, ambako umeme ni wa volti 230. Wati 2000 kwa volti 230 ni ampea zisizofika 9, na waya wa mbili na nusu unazibeba bila kutoka jasho. Kisha anakata kipande kutoka roli hiyo hiyo na kukifunga upande wa betri. Waya wa milimita za mraba 2.5, mita moja kwenda na moja kurudi, ukipitishwa ampea 200 ungetoa joto la wati 560 na kupoteza volti karibu 3 njiani. Mara nyingi inveta husikia njaa ya volti ikazima yenyewe kabla waya haujayeyuka. Hiyo ni bahati. Usijenge nyumba juu yake.

Kutokana na hoja hii nina ushauri ambao wenye maduka hawataupenda: ukivuka wati 1000, achana na mfumo wa volti 12. Nenda 24, na kama unakusudia wati 3000 au zaidi, nenda 48 moja kwa moja. Ukiongeza volti mara mbili, mkondo hupungua nusu, na joto linalopotea katika waya ule ule hubaki robo. Pesa ambazo ungezimwaga kwenye shaba nene unazibakisha mfukoni.

Hoja ya pili: waya mwembamba huiua betri kwa kuisingizia

Malalamiko haya mnayajua. Inveta ni mpya, betri ni mpya, taa zinawaka vizuri. Friji inapotaka kuanza, inveta inalia piii, inazima. Fundi anaitwa, anatikisa kichwa, anasema betri mbovu. Inanunuliwa betri ya pili. Baada ya wiki hadithi ni ile ile.

Tufanye hesabu moja hapa, na ninaomba muinakili maana ndiyo yenye faida kuliko zote za leo. Shaba ya urefu wa mita moja na mkato wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0175. Zidisha kwa mita zote za njia, kwenda na kurudi. Gawanya kwa milimita za mraba za waya wako. Umepata ukinzani wa waya. Zidisha kwa ampea, umepata volti zinazopotea njiani.

Mfano: inveta ya wati 1000, volti 12, ampea kama 100. Betri imewekwa ukumbini kwa sababu mama hakuitaka chumbani, umbali wa mita 3, yaani mita 6 kwenda na kurudi. Fundi ametumia waya wa milimita 10. Mita 6 mara 0.0175 gawanya kwa 10 ni 0.0105, mara ampea 100 ni volti 1.05. Betri ikiwa na volti 11.8 chini ya mzigo, kinachoifikia inveta ni volti 10.75. Inveta nyingi za volti 12 hujizima zikiona karibu 10.5. Sasa friji inaanza. Mota ya friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida kwa kitambo kifupi, na robo volti iliyobaki haipo tena. Betri haina kosa lolote.

Hii unaweza kuithibitisha mwenyewe kwa mita ya bei nafuu. Washa mzigo mkubwa, kisha gusisha ncha za mita kwenye vichwa vya betri venyewe, si kwenye lagi, yaani chuma kilichobanwa nchani mwa waya, wala kwenye waya. Andika. Halafu gusisha pale waya unapoingia kwenye inveta. Andika. Toa. Katika mfumo wa volti 12, tofauti ikizidi robo mpaka theluthi ya volti, tatizo liko njiani. Kipimo hiki kinachukua dakika mbili, nacho kimewaokolea watu bei ya betri.

Kanuni ninayoifuata ni kutopoteza zaidi ya asilimia 3 kati ya betri na inveta, na nikiweza, 2. Kwa volti 12, asilimia 3 ni volti 0.36. Geuza hesabu: mita 6 mara ampea 100 mara 0.0175, gawanya kwa 0.36. Unapata milimita 29. Waya wa 29 hauuzwi; nyaya huuzwa 16, 25, 35, 50, 70. Unapanda, hushuki. Chukua 35.

Au fanya jambo ambalo halina gharama: isogeze betri. Ikiwa mita moja kutoka kwenye inveta badala ya tatu, upotevu unabaki theluthi. Waya mrefu uwe ule wa volti 230 unaokwenda kwenye soketi, maana huko mita 10 za ziada karibu hazihisiki. Mara nyingi tunafanya kinyume: inveta inatundikwa sebuleni ili wageni waione, betri inafichwa stoo.

Hoja ya tatu: joto lina hukumu yake

Waya ukipita mtihani wa volti haujamaliza. Kila waya una kikomo cha ampea, ambacho kikivukwa ganda lake hulainika, kisha hukauka na kupasuka. Kikomo hicho hutegemea pia mahali waya ulipo. Majedwali ya kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wetu wengi wamesomea, huhesabu hewa ya nyuzi joto 30. Kwa waya wa ganda la kawaida la PVC ndani ya bomba, yanatoa ampea 76 kwa waya wa 16, 125 kwa wa 35, 151 kwa wa 50, na 192 kwa wa 70. Lakini nani kati yetu ana nyuzi 30 juu ya dari chini ya mabati saa nane mchana mwezi wa Februari? Hewa ikifika nyuzi 40, zidisha kikomo kwa 0.87. Ikifika 50, zidisha kwa 0.71. Ule wa 16 uliokuwa wa ampea 76 sasa ni wa 54.

Tuone nyumba moja kamili. Inveta ya wati 3000, mfumo wa volti 24, betri mita 2 kutoka kwenye inveta. Betri ikishuka hadi volti 22: 3000 gawanya kwa 22, gawanya kwa 0.9, ni ampea 150 na kidogo. Kwa hesabu ya volti, waya wa 35 unatosha kabisa. Unapoteza volti 0.3, asilimia 1 na robo. Fundi anayejua hoja ya pili peke yake angesimama hapo. Lakini kikomo cha joto cha waya wa 35 ni ampea 125 hata kabla hatujataja joto letu. Wa 50, kwa nyuzi 40, unabaki na 131. Wa 70 unabaki na 167. Kwa hiyo ni 70, japokuwa njia ni fupi. Ukiupitisha waya wazi hewani badala ya kuubana bombani, au ukinunua ulio na ganda la kustahimili nyuzi 90, unaweza kushuka, lakini basi tumia jedwali la waya huo, si la mwingine.

Njia ikiwa fupi, joto ndilo huamua. Njia ikiwa ndefu, ni volti. Piga hesabu zote mbili uchukue jibu nene.

Na nyumba hiyo hiyo ingekuwa ya volti 48, kama nilivyoshauri? Ampea 76. Waya wa 25 unatosha.

Hoja ya nne: kilichoandikwa juu ya waya si lazima kiwe ndani yake

Hapa mezani nina vipande viwili. Mzee wangu pale mbele, tafadhali vishike, kimoja kila mkono, kisha mpitishie mwenzako. Vyote vimepigwa chapa 35. Vina urefu mmoja, rangi moja, na ukizitazama nyuzi zake kwa nje zote ni nyekundu za shaba. Ndiyo, mzee, umeshaona. Kimoja ni chepesi.

Hicho chepesi ni alumini iliyovikwa utando wa shaba. Shaba safi ya 35, bila ganda, ina uzito wa gramu 313 kwa mita. Hiyo ya kuvikwa haifiki nusu ya hapo. Inapitisha umeme kwa takriban theluthi mbili ya shaba, kwa hiyo 35 yako imekuwa kama 23, na hesabu zote tulizofanya zimeanguka. Kuitambua, chukua unyuzi mmoja uukwangue kwa kisu au tupa. Shaba ni nyekundu mpaka moyoni. Ukiona weupe, rudisha dukani ungali na risiti.

Udanganyifu wa pili ni wa ganda. Waya umevikwa plastiki nene ili uonekane mnene, ndani mna nyuzi chache. Kipimo cha waya ni mkato wa chuma chake, bila ganda, na unaweza kuupata mwenyewe kwa vernia. Pima kipenyo cha unyuzi mmoja kwa milimita. Kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 0.785, kisha kwa idadi ya nyuzi. Waya halali wa 4 wenye nyuzi 7 una unyuzi wa milimita 0.85, jaribuni, mtapata 4 kasoro punje. Lakini ukikuta chapa ya 4 na unyuzi wa 0.7, hesabu inatoa 2.7. Huo ni waya wa mbili na nusu uliovaa koti.

Waya wa mashine ya kuchomelea wengi wanauliza. Nauafiki kwa upande wa betri, maana una nyuzi nyingi nyembamba, unakunjika vizuri, na haukatiki pale unapoingia kwenye lagi. Masharti ni yale yale: uwe shaba, na uwe umepimwa.

Hoja ya tano: ncha za waya

Umenunua 70 safi ya shaba, kisha fundi anaifunga lagi kwa nyundo. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.005, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni, kikipitisha ampea 100 kinatoa joto la wati 50 mahali padogo kuliko kidole gumba. Wati 50 zilizotawanyika kwenye mita 4 za waya hazitishi. Zikikusanyika kwenye lagi moja, ganda linageuka jeusi, nati inalegea kwa kupanuka na kusinyaa, ukinzani unaongezeka, na joto linaongezeka tena. Lagi ibanwe kwa mashine ya haidroliki yenye kinywa cha kipimo chake, na iwe ya kipimo cha waya. Kupunguza nyuzi ili waya wa 70 uingie lagi ya 50 ni kuutupa waya.

Na sisi tuna chumvi. Upepo wa baharini unakula shaba tupu mpaka inageuka kijani. Kwa nyumba za ufukweni, nunueni lagi zilizopakwa bati, na waya wenye nyuzi za kupakwa bati mkiupata. Ncha zifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kila baada ya miezi kama sita, zima mfumo, kaza nati kwa spana, washa, weka mzigo, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila kiungo. Kinachochemka kuliko wenzake kinakuambia kitu.

Hoja ya sita: fyuzi ni ya waya

Wengi hudhani fyuzi inailinda inveta. Inaulinda waya. Betri, khasa ya lithiamu, ncha zake zikigusana inaweza kutoa maelfu ya ampea, na hakuna waya wa nyumbani utakaostahimili hilo. Kwa hiyo fyuzi iwe kubwa kuliko mkondo wa kawaida na ndogo kuliko kikomo cha waya. Katika mfano wetu wa volti 24: mkondo 150, waya 167, fyuzi 160. Mnaona jinsi nafasi ilivyo finyu. Ndiyo maana mtu anayeona fyuzi inakatika akaweka ya 250 "ili isisumbue" ameufanya waya wake kuwa fyuzi.

Ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, ikiwezekana ndani ya shibiri moja. Sehemu yote iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi.

Tena isiwe breka ya kawaida ya ukutani. Umeme wa TANESCO unaoletwa kwetu na ZECO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti sifuri kamwe. Ndani ya breka isiyotengenezewa kazi hiyo, cheche inaweza kuendelea kuwaka huku swichi imeshuka na wewe unaamini umezima. Someni ubavuni: lazima iandikwe volti za DC, yaani za umeme wa betri.

Upande wa soketi sitachelewa. Inveta ya wati 3000 hutoa ampea 13 kwa volti 230; waya wa 2.5 unabeba, wa 4 ni starehe kama njia ni ndefu. Waya wa ardhi usiachwe, na uunganishaji wake na waya wa nyutro ufanywe na fundi mwenye leseni anayeijua inveta hiyo, kwa kuwa zinatofautiana. Kwa paneli za sola, tumieni waya wa sola wenyewe, 4 au 6, wenye ganda linalostahimili jua. Waya wa ndani ukianikwa juu ya bati huchakaa haraka.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa kutazama mbele. Majiko ya umeme ya presha ya wati 1000 yameingia majikoni mwetu, pampu za maji zinaongezeka, na aliyeanza na taa nne na televisheni ataongeza. Mkondo katika nyumba zetu utakua kuliko tulivyozoea. Kwa hiyo ningependa vyuo vyetu vya ufundi viweke hesabu ya upande wa betri kwenye mtihani wa vitendo, mwanafunzi apewe waya wa bandia na wa kweli na aambiwe atenganishe. Na ningependa kila fundi amwachie mteja karatasi moja iliyobandikwa ubavuni mwa inveta: ampea, mita, unene wa waya, fyuzi, tarehe aliyokaza nati.

Kwa wanaojenga sasa hivi, na najua mmo humu: kabla ya plasta, tengeni pembe yenye hewa karibu na meinswichi, mbali na jiko na mbali na bafu, pa kutosha betri na inveta kukaa ukuta mmoja. Tokeni hapo na bomba pana la kwenda darini kwa ajili ya paneli, na jingine la kwenda kwenye meinswichi. Hata kama betri mtanunua baada ya miaka mitano, hamtabomoa ukuta, na waya wenu mnene utakuwa wa mita moja.

Vipande viwili vile, mkimaliza kuvipitisha, vibaki mezani pamoja na tupa na vernia. Atakayekuwa na kipande cha waya alionunua karibuni, akilete mbele wakati wa maswali tukipime.